Kipya Kinyemi: Historia ya Utomvu wa Papai na Tiba ya Mgongo

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu. Nadhani alitazamia habari za kuanzishwa kwa shule, au za mabweni ya zamani. Nimeona afadhali niandike juu ya jambo ambalo, kwa kadiri nilivyosikia katika mikutano yetu, wanafunzi wa zamani hulizungumza kuliko hata mpira, nalo ni maumivu ya mgongo. Huyu ana habari za sindano mpya, yule ana habari za mashine mpya, na mwingine amesikia juu ya hospitali ya ng'ambo ambako mtu hutibiwa asubuhi na jioni akatembea kwa miguu yake. Wanafunzi wa sasa husikiliza na kucheka. Wasicheke sana, maana zamu yao itafika.

Mimi si daktari. Nilisoma historia na kuifundisha mpaka nilipostaafu, kwa hiyo sitamwandikia mtu dawa hapa. Nitaeleza tu jinsi wanadamu walivyotafuta njia ndogo ya kutibu mgongo, yaani njia isiyotaka kisu kikubwa, na hasa nitaeleza habari za sindano moja iliyotokana na tunda linaloota nyuma ya majiko yetu. Habari hiyo ina funzo kwa mwenye mgongo mbovu, na ina funzo kubwa zaidi kwa kijana anayetaka kuwa tabibu.

Kabla ya kujulikana chanzo

Maumivu ya mgongo ni ya zamani sana. Wayunani wa wakati wa Hippocrates walimlaza mgonjwa juu ya ubao wakamvuta kwa kamba, huku kichwani na huku miguuni. Wazee wetu wa pwani walikandwa kwa maji ya moto na mafuta, au walipigwa chuku kwa pembe. Ulaya nako walipiga chuku. Kila taifa lilitibu kwa lile lililokuwa nalo, bila kujua hasa ni kitu gani kilichoharibika ndani.

Hatua ya kwanza ya elimu ilipigwa Napoli mwaka 1764. Tabibu Domenico Cotugno aliandika kitabu akieleza kwamba yako maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni ambayo asili yake ni mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, wala si maungio ya nyonga kama ilivyodhaniwa. Lakini ni kitu gani kinachousumbua mshipa huo? Jibu lilichukua miaka 170.

Kwa wale waliosahau somo la baiolojia, na wakumbuke kwamba uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili pana kitu mfano wa kitakia, ambacho wataalamu hukiita diski. Ukuta wake wa nje ni mgumu, kama mikanda iliyozungushwa tabaka juu ya tabaka, na ndani yake mna kiini laini mfano wa ute mzito. Ukuta ukipasuka, kiini huweza kuchomoza nje, kikaugandamiza na kuuwasha mshipa wa fahamu upitao jirani. Hapo ndipo mtu huhisi moto ukimshuka mguuni.

Mwaka 1909 mjini Berlin, Oppenheim na Krause walieleza jinsi walivyokitoa kipande cha namna hiyo kwa upasuaji, wakidhani ni uvimbe wa gegedu. Mwaka 1929 Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, alieleza vipande vya gegedu vilivyojitenga na diski na kuubana mshipa. Ndipo mwaka 1934 William Mixter na Joseph Barr wa mjini Boston walipoandika makala iliyobadilisha mambo yote. Walionyesha wazi kwamba diski iliyopasuka ni chanzo cha maumivu ya mguu, na kwamba ikiondolewa mgonjwa huweza kupona.

Kisu kilivyotawala, na jinsi njia ndogo zilivyotafutwa

Ugunduzi wa 1934 ulikuwa wa kweli. Lakini ukweli wa sehemu ukafanywa kuwa ukweli wa jumla. Kwa kuwa baadhi ya maumivu ya mguu yalitoka kwenye diski, madaktari wengi walianza kuilaumu diski kwa karibu kila maumivu ya kiuno. Migongo mingi ilifunguliwa, na siku zile kuufungua mgongo kulikuwa kazi kubwa. Nyama zilibanduliwa, mfupa ulikatwa, na mgonjwa alilala kitandani majuma mengi. Wako waliopona kabisa. Wako waliobaki na maumivu yale yale, na juu yake kovu.

Basi haikuwa ajabu kwamba watu walitafuta njia ndogo. Moja ilikuwapo tangu mwaka 1901, pale Sicard na Cathelin wa Paris, kila mmoja kwa upande wake, walipopitisha sindano ya kokaini kwenye tundu la mwisho wa uti, juu ya kifandugu, ili kuitia ganzi mishipa ya fahamu. Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake wa Marekani walimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa ya kotisoni kwa mara ya kwanza, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapata tuzo ya Nobel. Haikupita miaka mingi madaktari wa Italia na Ufaransa wakaanza kuzitia dawa za jamii hiyo kando ya mishipa ya mgongo. Sindano hizo zingali zinatumika hata leo.

Sindano hizo zilituliza tu. Hazikukiondoa kitu kilichochomoza. Je, ingewezekana kukiyeyusha kwa sindano, bila kisu?

Masikio ya sungura na utomvu wa papai

Hapa historia yetu inageuka njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Mwaka 1956 daktari Mmarekani Lewis Thomas aliandika habari za sungura aliowapiga sindano ya papaini katika mshipa wa damu. Muda si mrefu masikio ya sungura hao, ambayo kwa desturi husimama kama mikuki, yalilegea yakaning'inia. Baada ya siku chache yakasimama tena, na sungura wakaendelea kula majani kana kwamba hapakutokea kitu. Papaini ilikuwa imeyalegeza magegedu yanayoyasimamisha masikio, kisha mwili ukayatengeneza upya.

Papaini ni nini? Ni kimeng'enya kitokacho katika utomvu mweupe wa papai bichi. Mama zetu waliijua kazi yake zamani, ingawa hawakuijua kwa jina hilo. Nyama ngumu ikipakwa papai bichi lililopondwa, hulainika kabla ya kufika motoni. Muuza mishkaki yeyote atakueleza. Tena utomvu huo ulikuwa biashara ya kwetu. Tanganyika, Uganda na Congo zilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza papaini ghafi katika masoko ya dunia. Mkulima alilichanja papai bichi likiwa bado mtini, mistari michache isiyoingia ndani sana, asubuhi na mapema, na utomvu ukadondokea kwenye kitambaa au bati lililofungwa chini ya matunda. Baada ya siku kadhaa alilichanja tena. Utomvu ulikaushwa kwa jua au kwa tanuri, ukatiwa katika makopo, ukasafirishwa ng'ambo kulainisha nyama na kusafisha bia isipate ukungu ikipozwa. Vidole vya mchanjaji asiyejilinda viliwashwa na kubabuka, na jambo hilo lilikuwa onyo tosha kwamba maji hayo yana nguvu.

Mwaka 1959 mtaalamu wa Sweden, Carl Hirsch, alitoa wazo kwamba huenda diski iliyoharibika ingeweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya. Huko Illinois, Marekani, daktari wa mifupa Lyman Smith aliyaunganisha mawazo hayo mawili. Katika utomvu wa papai mna vimeng'enya zaidi ya kimoja. Kimoja, kaimopapaini, kilikuwa kimetengwa tangu mwaka 1941. Smith na wenzake walikijaribu kwa wanyama, wakaona kwamba kinakiyeyusha kiini laini cha diski na kuuacha ukuta wake. Mwaka 1963 alimpiga sindano mgonjwa wa kwanza, na mwaka 1964 akatangaza habari za wagonjwa wake 10 wa mwanzo.

Tazameni jinsi wazo lilivyokuwa zuri. Mgonjwa hulazwa kwa ubavu, sindano ndefu huingizwa kupitia nyama za mgongo huku daktari akiifuata kwa eksirei, dawa kidogo hutiwa ndani ya diski, na kazi imekwisha. Hakuna mfupa uliokatwa. Haikuwa ajabu habari zikaenea upesi. Wahenga wetu walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Hukumu ya kwanza na hukumu ya pili

Kwa miaka kumi na zaidi maelfu ya watu walipigwa sindano hiyo, na madaktari wakaripoti kwamba wengi wao walipata nafuu. Sasa, mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza: nafuu kuliko nani? Maumivu ya diski iliyopasuka yana tabia ya kupungua yenyewe kwa wagonjwa wengi, kwa majuma au miezi. Mtu akipigwa sindano leo akapona baada ya miezi miwili, ni sindano iliyomponya au ni siku?

Ili kulijibu swali hilo, Wamarekani walifanya jaribio katikati ya miaka ya 1970. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipata kaimopapaini, wengine maji yasiyo na kimeng'enya, na wala mgonjwa wala daktari hakujua nani kapata nini. Matokeo yalipofunuliwa mwaka 1975, tofauti baina ya makundi mawili haikuwa kubwa kiasi cha kuaminika. Kampuni iliyoomba kibali iliyaondoa maombi yake. Walioitetea dawa walinung'unika kwamba yale maji ya kulinganishia hayakuwa maji matupu, maana yalikuwa na kemikali nyingine zilizomo katika dawa yenyewe. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Canada iliendelea kuitumia, na Wamarekani waliokuwa na uwezo walivuka mpaka kwenda kuifuata.

Mwaka 1982 daktari Robert Fraser wa Adelaide, Australia, alitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 60. Nusu yao walipata kaimopapaini, nusu maji ya chumvi. Safari hii waliopata dawa walishinda. Lakini hata miongoni mwa waliopata maji ya chumvi, wapo wengi waliosema wamepata nafuu. Mwezi Novemba 1982 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ikatoa kibali, na mwaka 1983 jaribio jingine la Marekani, la wagonjwa 108, likaithibitisha dawa.

Dawa ilikuwa imeshinda mahakamani, kwa kusema hivyo. Kilichoiangusha ni pupa. Madaktari wengi walijifunza kazi hiyo kwa mafunzo ya siku chache, kisha wakaanza kuwapiga watu sindano. Wengine waliwachagua wagonjwa ambao diski haikuwa shida yao kabisa. Punde yakaanza kuonekana madhara. Baadhi ya wagonjwa mwili uliikataa dawa kwa ghafula, shinikizo la damu likaporomoka, na wachache wakafa. Wachache wengine walipooza miguu. Idadi yao ilikuwa ndogo ikilinganishwa na jumla ya waliotibiwa, lakini mtu aliyekuja kutibiwa kiuno akaondoka katika kiti cha magurudumu hafarijiwi na hesabu hiyo. Biashara ikaanguka. Mwaka 2003 dawa hiyo ikaacha kuuzwa Marekani. Serikali haikuikataza, watengenezaji waliiacha wenyewe.

Majaribio yalipokusanywa pamoja baadaye, yalionyesha jambo la kushangaza. Kwa mtu mwenye diski iliyochomoza na maumivu ya mguu, sindano ya papai ilikuwa bora kuliko maji ya chumvi, ingawa upasuaji uliishinda. Dawa ilikuwa na manufaa ya kweli, lakini haikupata muda wa kutumiwa kwa uangalifu. Wajapani hawakulisahau wazo lenyewe. Mwaka 2018 waliruhusu kimeng'enya kingine kiitwacho kondoliesi, kilichotokana na bakteria, kitumike kwa kazi iyo hiyo.

Njia nyingine ndogo

Wakati sindano ya papai ikipanda na kushuka, njia nyingine zilizaliwa. Mwaka 1975 Hijikata wa Japani alieleza jinsi ya kukitoa kiini cha diski kwa mrija mwembamba uliopenyezwa ubavuni. Mwaka 1977 Yasargil na Caspar walieleza upasuaji wa tundu dogo unaofanywa kwa darubini, na huo ndio umedumu ukawa njia ya kawaida kwa diski iliyochomoza. Mwaka 1986 huko Graz, Austria, leza ilitumika kwa mara ya kwanza kuunguza kiini cha diski ya mgonjwa. Katika miaka ya 1970 pia walianza kuviunguza kwa joto la umeme vijishipa vya fahamu vya maungio ya pingili, ili visipeleke habari za maumivu. Kila njia ilikuja na picha nzuri na ahadi nzuri.

Lakini maswali nayo hayakulala. Mwaka 1983 Henrik Weber wa Norway alitangaza matokeo ya wagonjwa 126 wa diski aliowagawa kwa kura, wapasuliwe au wasipasuliwe. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa mbele. Baada ya miaka minne tofauti ilikuwa imepungua, na baada ya miaka kumi haikuonekana. Mwaka 1994 Wamarekani waliwapiga picha za sumaku watu 98 wasioumwa mgongo. Asilimia 52 walionekana kuwa na diski iliyofura nje angalau mahali pamoja, na asilimia 36 tu ndio waliokuwa na diski za kawaida zote! Kwa hiyo picha peke yake si ushahidi wa kumhukumu mtu.

Mwaka 2017 majaribio matatu ya Uholanzi, yaliyowahusu watu 681 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, yalionyesha kwamba kuunguza vijishipa kwa umeme, juu ya mazoezi ya viungo, hakukuongeza faida ya maana kuliko mazoezi peke yake. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno yaliyodumu bila chanzo maalumu. Lilisisitiza mafunzo kwa mgonjwa, mazoezi, na msaada wa kuyatuliza mawazo, likaonya dhidi ya kuvutwa kwa mashine, mikanda ya kiunoni na dawa za jamii ya afyuni. Mwaka 2025 jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la madaktari wa Uingereza lilishauri kwa nguvu kwamba sindano za uti na kuunguza vijishipa visitumike kwa maumivu hayo. Vyama vya madaktari wa sindano viliupinga ushauri huo, na mjadala ungali unaendelea. Si mjadala wa watu wachache, kwa maana shirika hilo hilo limekadiria kwamba watu milioni 619 duniani waliumwa kiuno mwaka 2020.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tusichanganye magonjwa mawili. Diski iliyochomoza na kuutesa mshipa wa mguu ni jambo moja. Maumivu ya kiuno yaliyodumu miaka, bila mguu kuguswa, ni jambo jingine. Njia ndogo nyingi zilianza kwa lile la kwanza, kisha zikauzwa kwa lile la pili, na humo ndimo fedha na matumaini ya watu yalimopotelea.

Pili, udogo wa tundu si ushahidi wa usalama, wala si ushahidi wa uponyaji. Sindano ya papai ilikuwa na tundu dogo kuliko yote.

Tatu, tusije tukageuza onyo hili kuwa sababu ya kukaa nyumbani hatari inapogonga mlango. Mwenye kuumwa mgongo akishindwa kuzuia mkojo au choo, akifa ganzi sehemu za siri, miguu ikilegea, akiwa na homa au akikonda bila sababu, au akiwa ameanguka vibaya, na aende hospitali siku hiyo hiyo. Katika nchi zetu kifua kikuu hushika pia mifupa ya mgongo, nacho kina dawa inayokiponya kikiwahiwa.

Ndugu zangu wa umri wangu, mkiambiwa juu ya tiba mpya ya mgongo, msiulize tu bei yake na idadi ya waliopona. Ulizeni: imelinganishwa na nini? Je, wasiotibiwa walifikaje? Daktari mwema hatakasirika kuulizwa hivyo. Kisha tembeeni kila siku, maana mazoezi ndiyo tiba ambayo miongozo yenye kubishana imekubaliana juu yake.

Nanyi wanafunzi wa sasa, mnapolalamika kwamba somo la historia halimfai anayetaka udaktari, zikumbukeni zile miaka arobaini za sindano ya papai. Hazikukosa watu wenye akili, wala hazikukosa vyombo. Kilichopungua mara nyingi ni mtu wa kusimama na kuuliza: tumejuaje? Swali hilo ndilo tulilofundishwa katika madarasa yale mnayokaa ninyi leo. Lichukueni mwende nalo hospitalini.